Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Mollo, Sumbawanga
14 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Jenifa,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinachonikumbusha umri wangu kila alfajiri. Bibi yako Otilia naye ni mzima; goti lake lilipona siku ile ile alipoambiwa kuna harusi Kasense. Nawe hapo Mbeya, je, afya? Bado mnachungulia damu za watu huko maabara?

Nakuandikia kwa jambo zito. Unajua kwamba kwa miaka thelathini na moja, kila tarehe 26 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, somo wa kigango chetu, baada ya Misa na kabla ya chakula, mimi husimama na kusoma Taarifa ya Mwaka: mambo ambayo wataalamu wa dunia wameyagundua na kuyaunda katika mwaka unaokwisha. Watu wa Mollo wameyasikia wakiwa na njaa, na ndiyo maana wanayakumbuka.

Unajua pia yaliyonipata mwaka jana. Nilisikia redioni kwamba Warusi wamerusha chombo kwenda kusini mwa Mwezi. Betri za redio zikaisha chombo kikiwa njiani. Nikaimalizia safari mwenyewe, maana Warusi nawajua tangu zamani, na sikuona sababu ya kuwatilia shaka. Nikasoma mbele ya watu: Warusi wametua. Stanley akanyanyuka na simu yake, wali ukiwa bado haujapakuliwa, akasema, "Mwalimu, Warusi walianguka. Waliotua ni Wahindi." Watu walicheka mpaka padre akajifuta machozi. Huyo Stanley nilimfundisha darasa la tatu mara mbili.

Sasa halmashauri ya kigango imekaa. Mwenyekiti, Mama Margareth, amenitamkia hivi: mwaka huu nisome chini ya uangalizi. Kosa moja tu, na Taarifa inakwenda kwa Stanley, atakayeisoma kwenye simu akiwa ameketi. Ameketi, Jenifa!

Wewe umesoma sayansi. Niletee habari za mwaka huu, za kweli tupu. Ziandike kwa mkono, kwa maana Mama Margareth anataka ushahidi wa karatasi. Mpe kondakta wa basi la asubuhi. Jirani yetu Kija, yule mfugaji wa Kisukuma, hupita stendi kila siku na baiskeli yake ya maziwa, naye ataichukua.

Babu yako,
Mwl. Baltazari


Mbeya
23 Oktoba 2024

Babu mume wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kifua ndicho kinachokusumbua na siyo mdomo. Mimi sijambo, baridi ya huku tu ndiyo inaninyanyasa, na mume mwenyewe uko mbali. Msalimie mke mwenzangu na goti lake. Mwambie nikija Noeli nitakaa mimi kwenye kile kiti cha mbele, yeye ahamie jikoni.

Pole kwa Warusi. Hizi hapa habari za kuanzia.

Ya kwanza. Mwezi Juni Wachina walileta udongo kutoka upande wa nyuma wa Mwezi, ule usioonekana kamwe kutoka hapa kwetu. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Udongo wenyewe ulikaribia kilo mbili, ukapungua kidogo tu.

Ya pili. Kuna chombo kilichorushwa mwaka 1977, nawe ungali kijana mwenye nywele. Kimeenda mbali kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu. Mwishoni mwa mwaka jana kikaanza kutuma maneno yasiyoeleweka, kama mlevi. Wataalamu wakakitibu kwa mbali, na Aprili kikarudiwa na akili. Ujumbe mmoja kukifikia huchukua saa ishirini na mbili na nusu.

Ya tatu. Wataalamu wa mifugo wamethibitisha kwamba ng'ombe akiamka kwa mguu wa nyuma wa kushoto, siku hiyo mvua itanyesha. Akiamka kwa wa kulia, anika ulezi wako bila wasiwasi.

Nitatuma nyingine. Usioe mwingine kabla sijaja.

Mkeo mdogo,
Jenifa


Mollo
4 Novemba 2024

Mjukuu wangu,

Barua yako imefika, baada ya siku tisa. Chombo chako cha mwaka 1977, kilichoko kusikojulikana, kinapata barua zake kwa chini ya siku moja. Mbeya hadi Sumbawanga kuna lami.

Bibi yako amesikitikia Wachina. "Safari yote ile," anasema, "na nauli yote ile, wamerudi na kilo mbili? Hata kuku hawezi kuogea."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa siandiki kwa kucheka. Babu na mjukuu ni watani, na ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Mjukuu ana ruhusa ya kumdanganya babu, na babu hana ruhusa ya kukasirika. Lakini mimi mwaka huu nahitaji kweli, nawe ndiye mtu pekee duniani ambaye kwa mila si lazima useme kweli mbele yangu. Hali hii haivumiliki. Kwa hiyo natangaza:

Kuanzia leo hadi tarehe 26 Desemba, saa sita mchana, utani kati ya Baltazari na mjukuu wake Jenifa UMESIMAMISHWA. Katika muda huo mimi si mume wako, wala Otilia si mke mwenzako, na kila litakaloandikwa litahesabiwa kuwa ni kweli. Shahidi ni Bibi Otilia, ambaye ameweka dole gumba hapo chini ingawa anajua sana kuandika. Anasema jambo la kipuuzi halistahili sahihi.

Tuma habari nyingine chini ya masharti haya.

Babu yako (babu tu),
Mwl. Baltazari


Mbeya
15 Novemba 2024

Mheshimiwa Babu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi (ambaye si mke mwenzangu) mnaendelea vizuri na mvua za kwanza zimewakuta na mbegu. Mimi ni mzima.

Nimelisoma tangazo lako mbele ya wenzangu wa zamu. Mmoja amesema kwao Njombe utani hausimamishwi mpaka kuku achinjwe. Lakini mimi nimekubali. Ninayoandika leo nayaandika nikiwa nimenyoosha mgongo.

Moja. Januari, Wajapani walitua Mwezini kwa mara ya kwanza. Chombo kilitua karibu kabisa na pale kilipokusudiwa, ila kilitua kichwa chini, miguu juu. Hata hivyo kilifanya kazi. Mwezi uliofuata Wamarekani nao wakatuma chao, kikatua, kikaegemea ubavu.

Mbili. Machi, huko Marekani, madaktari walimpandikizia mtu aliye hai figo ya nguruwe, nguruwe aliyerekebishwa chembe zake za urithi. Figo ikatoa mkojo. Yule mgonjwa aliishi nayo miezi miwili hivi, akafariki. Hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo ndiyo iliyomuua.

Tatu. Oktoba hii, wataalamu walikamilisha ramani ya ubongo mzima wa inzi, wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Wamehesabu seli za neva laki moja na elfu thelathini na tisa, na jinsi kila moja inavyounganishwa na nyingine.

Nne. Mwezi huo huo, roketi yenye urefu wa ghorofa ishirini na zaidi ilirushwa, ikarudi yenyewe chini, ikadakwa hewani na mikono miwili ya chuma kwenye mnara ule ule ilikotokea.

Mjukuu wako mtiifu,
Jenifa


Mollo
3 Desemba 2024

Jenifa,

Sisi ni wazima. Simu ya bibi yako si nzima: ilimponyoka alipoinama kuonja pombe ya ulezi, ikazama chunguni. Tumeifukia kwenye unga wa mahindi siku ya nane sasa. Usipige.

Nimesikitika. Nilisimamisha utani kwa maandishi, pamoja na shahidi, nawe umeniletea kejeli nne mfululizo ukiwa umenyoosha mgongo.

Chombo kimetua kichwa chini? Jenifa, mimi nimeishi na watu. Adriano alipopindua tela la mahindi kwenye kona ya Kasense alitunyima habari hiyo miaka miwili, na mpaka leo anasema lililala lenyewe. Mtu akitua kichwa chini hatangazi redioni. Nimefuta.

Figo ya nguruwe ndani ya Mkristo? Nimefuta, na nimemficha bibi yako ukurasa ule.

Ramani ya ubongo wa inzi nilimsomea bibi yako mbele ya chungu chake, inzi hao hao wakiwa wamejaa mdomoni pa chungu. Alimkamata mmoja, akamtazama sana, akasema, "Huyu ana ubongo gani? Amefia kwenye pombe." Nimefuta.

Roketi iliyodakwa nimeifuta bila kuisoma mara ya pili.

Nimebaki na zile tatu za mwanzo, ulizoandika kabla hujaharibika. Ya Wachina na ya chombo cha zamani nazipitisha, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kutunga uongo wa kilo mbili. Lakini kilele cha Taarifa yangu ni ile ya ng'ombe. Hiyo nimeifanyia uchunguzi. Nilimfuata Kija zizini nikamsomea. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," alisema, "hiyo nayo ni habari? Kwetu hata ndama anaijua."

"Una hakika?"

"Mguu wa kushoto, mvua. Babu yangu alihama kijiji kwa mguu wa kushoto. Kumbe Wazungu ndiyo kwanza wamefika?"

Mfugaji wa miaka arobaini amethibitisha kabla ya kuulizwa mara mbili. Stanley na simu yake watasema nini? Nimeiweka mwisho, niifunge Taarifa nayo.

Babu yako,
Mwl. Baltazari


Mbeya
11 Desemba 2024

Babu,

Shikamoo. Naomba uisome hii ukiwa umekaa, na Bibi awe karibu.

Zile nne ulizozifuta ni za kweli zote. Cha Wajapani kilitua kichwa chini na wakatangaza wenyewe, na picha wakatoa. Figo ni kweli. Inzi ni kweli. Roketi ni kweli, nimeiangalia mara sita na bado nashika mdomo.

Ile ya ng'ombe niliitunga mimi. Niliiandika tarehe 23 Oktoba, siku ambayo utani ulikuwa bado halali, nikiwa nasubiri mashine imalize kuzungusha damu. Baadaye ukasimamisha utani, nami nikaanza upya na za kweli; haikunijia kabisa kwamba ile ungeiamini. Kija simwelewi. Labda alikuwa anakutania, labda hakuwa anakutania, lakini hakuna mtaalamu yeyote aliyethibitisha jambo hilo. Aliyelithibitisha ni mimi peke yangu, na nilikuwa na njaa.

Nimepiga simu ya Bibi mara ishirini. Nilifikiria kumpigia Stanley nikaacha, maana nikimwambia yeye nitakuwa nimekumaliza kwa mikono yangu. Na Noeli sitakuja, nimepangiwa zamu.

Tafadhali, Babu, iondoe ya ng'ombe. Usisome. Wataifungua simu mbele yako.

Mjukuu wako,
Jenifa


Mollo
21 Desemba 2024

Jenifa,

Sisi hatujambo. Simu ya bibi yako imekufa kabisa, na unga tumeula.

Mbona kimya? Natambua kwamba barua yangu iliyopita ilikuwa kali. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa na hofu, na ningependa liishie hapo.

Habari ni njema. Mama Margareth amenialika kusoma, nimepewa dakika saba. Kija amesikia kwamba elimu ya ng'ombe itasomwa kanisani, naye ambaye hajawahi kukanyaga hata uwanja wa kigango amesema atakuja, pamoja na kaka zake wawili na watu wa kwao wa bonde la chini. Nimewahesabu watu kumi na moja. Amenunua shati. Aliniambia jana, "Miaka ishirini mmetuita watu wa kuja, Mwalimu. Alhamisi mtatusoma."

Nimeandika nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Nipe hata mstari mmoja kabla ya siku hiyo.

Babu yako,
Mwl. Baltazari


Mollo
19 Januari 2025

Mjukuu wangu mpendwa Jenifa,

Nakusalimu kwa mwaka mpya. Kifua changu kimetulia, kwa sababu nitakazozieleza. Bibi yako ni mzima na anakulaumu kwa zamu ya Noeli.

Barua yako ya tarehe 11 niliipata tarehe 26, saa nne na nusu asubuhi, uwanjani pa kigango, Misa ikiwa imekwisha. Kija ndiye aliyenipa, akiwa ndani ya shati jipya lenye mikunjo ya dukani. "Samahani, Mwalimu," alisema, "ya mke wako mdogo. Nimekuwa nikizunguka kualika watu, ikakaa kwenye mfuko wa maziwa." Ilinuka mgando. Niliisoma nimesimama, ingawa uliniomba nikae.

Nyuma ya Kija walikuwa wamesimama watu kumi na moja wakinitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mbele yangu Stanley alikuwa anapangusa kioo cha simu kwa leso. Mama Margareth alikwisha kunitaja jina.

Nitakuambia nilichofikiri, maana dakika ile ilikuwa ndefu. Nilifikiri kwamba ile ya ng'ombe naweza kuisoma nikapona. Kija angesimama upande wangu. Lakini mwaka jana nilikosea kwa kutokujua, na mwaka huu ningekosea nikijua. Nikaikunja Taarifa yangu nikaitia mfukoni, nikaingia kanisani, nikatoa barua zako nilizokuja nazo kama ushahidi, nikazisoma.

Nilianza na Wachina. Nikaenda kwenye chombo cha zamani. Nikaja kwa Wajapani, kichwa chini, miguu juu. Watu wakaanza kucheka. Adriano akasema kwa sauti, "Mwalimu, leo umetuamulia!" Nikasoma inzi. Nikasoma roketi na mikono ya chuma. Kicheko kikawa cha kanisa zima, na mama mmoja akamwambia Otilia anipeleke nyumbani polepole. Nikafika kwenye figo.

"Ya nguruwe?" Adriano aliuliza, na sasa hakucheka, kwa sababu anafuga tisa. "Nguruwe huyu huyu?"

"Amerekebishwa. Lakini ni nguruwe."

Ndipo Kija alipotoa sauti kutoka nyuma: "Kumbe Wafipa mnafuga vipuri!"

Sijawahi kuona sikukuu ya Mtakatifu Stefano ikienda namna ile. Padre aliegemea ukuta.

Mama Margareth akainua mkono. "Stanley, tazama."

Stanley akatazama. Mtandao ulikuwa hafifu, akapanda juu ya benchi, akaunyoosha mkono wenye simu kuelekea dirishani. Akasema, "Wajapani... ni kweli. Kichwa chini." Akasogeza kioo kwa kidole. "Figo, kweli. Inzi, kweli." Alikaa muda mrefu kwenye roketi. "Jamani, kweli. Wameidaka." Akashuka kwenye benchi, akanipa mkono mbele ya watu. Nilimpa wangu. Nasema haya kwa haki yake.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini walikuwapo watu kumi na moja. Nikasema: "Mmesikia mitaani kwamba nitasoma habari ya ng'ombe na mguu wa kushoto. Habari hiyo si ya wataalamu. Ni utani wa mjukuu wangu, nami nikauamini. Sitaisoma, na namwomba radhi ndugu yangu Kija."

Jenifa, hakuna aliyenipongeza.

Kija alikuja mbele polepole. "Mwalimu, mtu amewekewa figo ya nguruwe, hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Inzi amechorewa ramani?"

"Ndiyo."

"Na ng'ombe, ambaye mimi nimelala naye zizi moja tangu sina meno, huyo ndiye wa uongo?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema hata baba yake alikuwa akitazama mguu. Adriano, ambaye hana ng'ombe hata mmoja, akasema ameliona kwa macho yake. Mama Margareth akamgeukia Stanley, na Stanley akapanda tena benchi, akatafuta, akatafuta, akasema, "Mwenyekiti, humu hakuna. Haijaandikwa kwamba ni kweli, na haijaandikwa kwamba ni uongo."

"Basi ni nani amethibitisha kwamba ni uongo?" Kija akauliza.

Nikamgeukia Mama Margareth.

Halmashauri ilikaa pale pale, chakula kikipoa, ikatoa uamuzi. Yale mengine nimeyasoma bila kosa. Hili la ng'ombe nimelikana bila kulichunguza, na kwa maneno ya Mama Margareth, kukana bila kuchunguza ni kosa lile lile la Warusi limevaa koti lingine. Kwa hiyo Taarifa ya Mwaka inabaki kwangu kwa sharti moja: tarehe 26 Desemba mwaka huu nilete jibu la ng'ombe, nililolitafuta mwenyewe, si kwa redio wala kwa simu. Nikikosa jibu, Stanley anasoma. Hata kuketi ataketi.

Tangu tarehe 2 Januari, kila siku saa kumi na mbili asubuhi nipo zizini kwa Kija, na kifua hakipati nafasi ya kunikumbusha umri. Nina daftari lenye safu nne: tarehe, kushoto, kulia, mvua. Mvua naipima kwa kopo lililofungwa kwenye nguzo. Kazi ni ngumu kuliko kufundisha. Ng'ombe huinua matako kwanza, hilo nimelihakikisha, lakini wapo thelathini na wanane na hawaamki kwa foleni. Mimi nikimwandika mmoja, sita wameshasimama. Kija ananisaidia upande wa pili, ila namshuku: wa kushoto anamwona upesi, wa kulia anasema alikuwa anapepesa macho.

Matokeo ya siku kumi na nane nakuandikia kama yalivyo. Kushoto wamezidi kulia. Mvua imenyesha siku kumi na saba. Kija anashangilia. Nimemweleza kwamba Januari mvua hunyesha hata ng'ombe waamke kwa pembe, na kwamba uthibitisho hautakuja mpaka kiangazi. Siku ile moja iliyokuwa kavu, ishirini na mmoja waliamka kwa kulia na kumi na saba kwa kushoto. Kija anasema wale kumi na saba wamenunuliwa mnadani na hawajui hali ya hewa ya Ufipa. Nimeliandika hilo pembeni, maana huenda lina maana. Nimelala nikiliwaza mara mbili, nami ni mtu mzima.

Najua likizo yako ni Juni. Juni hakuna tone la mvua, na kila ng'ombe atakayenyanyua mguu wa kushoto atakuwa na la kujieleza. Nahitaji mtu mwenye macho ya maabara asimame upande wa lango, mtu asiyemwogopa Kija wala mimi. Lete mabuti ya mpira, na daftari lingine la kurasa mia. Hili litakuwa limejaa.

Babu yako,
Mwl. Baltazari